Tusahihishe Chanzo, Si Zao Lake

Wakereketwa wa Kiswahili tumelumbana kwa miaka na mikaka kuhusu istilahi iliyo bora: tarakilishi au kompyuta, puku au kipanya. Malumbano hayo yana manufaa yake. Hata hivyo, ni nadra kusikia tukijiuliza swali linalofuata: istilahi ikishaafikiwa, huhifadhiwa wapi, nayo humfikiaje mtumiaji? Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka lugha hii ikae ndani ya tarakilishi hana budi kuelewa tofauti kati ya saraka ya chanzo na saraka ya ujenzi, na kuhakikisha kwamba zinaafikiana.

Mfumo wa uendeshaji, uwe Linux au FreeBSD, huandikwa na binadamu katika matini inayosomeka, kisha programu maalumu huigeuza matini hiyo kuwa msimbo unaotekelezwa na mashine. Aghalabu wajenzi hutenga pande hizi mbili. Katika FreeBSD, kwa mfano, chanzo hukaa katika /usr/src ilhali mazao ya ujenzi huwekwa katika /usr/obj. Kwetu wanafasihi, ya kwanza ni mswada na ya pili ni kitabu kilichotoka mtamboni. Anayerekebisha kosa kwa kalamu katika nakala moja ya kitabu hajausahihisha mswada. Toleo lijalo litatoka na kosa lile lile.

Nayasema haya kwa uchungu. Katika chumba changu cha kupanga, Kondele, hapa Kisumu, nilitumia karibu mwezi mzima kutafsiri menyu za programu moja ya Linux. Kumbe nilikuwa nikihariri nakala zilizomo katika saraka ya ujenzi! Nilipoifuta saraka hiyo ili nijenge upya, kazi yote ikafutika nayo.

Nikaanza tena, safari hii katika chanzo, na balaa jingine likanisubiri. Tarakilishi yangu ilikuwa kuukuu, na betri ndogo inayolinda saa yake ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipopotea (nao mtaani kwetu haukawii kupotea mvua ya ziwani inapoanza) saa ilirudi miaka mingi nyuma. Sasa, programu ya ujenzi iitwayo "make", iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka wa 1976, haisomi maudhui ya faili. Hulinganisha nyakati tu: chanzo kikiwa kipya kuliko zao, hujenga, kisipokuwa kipya, hupita. Tafsiri niliyoiandika usiku ule ilionekana kuwa ya zamani kuliko zao la wiki iliyotangulia, nami nikaarifiwa kwamba hakuna la kufanywa. Nilisaga meno hadi alfajiri kabla ya kufikiria kuitazama kalenda.

Hizo ni hasara za mtu mmoja. Hasara ya Kiswahili ni kubwa zaidi, tena haina kelele. Katika utaratibu wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi za Linux, kila sentensi ya Kiingereza huambatanishwa na tafsiri yake. Mwandishi wa programu akiibadilisha sentensi, tafsiri ya awali hutiwa alama ya kushukiwa, na wakati wa ujenzi huachwa nje. Mtumiaji huona Kiingereza kimerejea katikati ya menyu ya Kiswahili, wala hajui sababu. Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizinduliwa Desemba 2004, na ilistahili shangwe. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice.org 2.0 ilikuwa tayari imetoka. Chanzo hakimngoji mfasiri.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wahandisi. Siafiki. Chukua sentensi "Faili imefutwa". Mwandishi akibadilisha nomino moja tu katika Kiingereza chake, faili likawa kabrasha, mhandisi asiyejua ngeli atabadilisha neno hilo moja na kutuletea "Kabrasha imefutwa". Mashine itaijenga bila kulalamika, kwa kuwa nyakati zinaafikiana hata kama upatanisho wa kisarufi haupo. Anayeweza kuliona kosa hilo ni yule aliyeketi katika darasa la mofolojia.

Napendekeza, basi, kila tawi la chama chetu lichague programu moja, moja tu, na kuifuatilia mwaka mzima: chanzo kiletwe kila wiki, tafsiri zilizotiwa shaka zijadiliwe, marekebisho yaingizwe katika chanzo na kurudishwa kwa wenye programu, kisha ujenzi ufanywe katika saraka tupu. Mimi nimeanza na ile iliyonitesa. Betri mpya nimeshaitia.