Uzamili wa umeme: kwa nini hasa?

Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Hapa kwetu Mountain View kuna mjadala mkali mezani. Ndugu yangu mdogo, mhandisi wa stima mwenye shahada ya kwanza na kazi ya kufunga sola kwenye mapaa, amepata nafasi ya kusoma uzamili wa mifumo ya umeme. Anataka kuacha mshahara kwa miaka miwili. Mama kauliza jambo moja tu: "Mwanangu, kwani digrii moja haitoshi?" Karo ingetoka kwenye akiba yake ya kumalizia nyumba ya shambani, kwa hiyo si swali la kupuuza.

Nikamuuliza sababu zake. Akataja cheo. Akataja nafasi ya kwenda ng'ambo. Nikamwambia wazi kwamba kwa hayo mawili sitoi hata shilingi. Cheo kina njia za bei nafuu zaidi, na viza si somo.

Akanyamaza, kisha akanikumbusha usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023.

Mnaukumbuka. Ilikuwa karibu saa nne, stima ikapotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani, mpaka Kipchumba Murkomen, waziri wa uchukuzi wakati huo, akaomba radhi. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa upepo kutoka Ziwa Turkana, megawati 270. Wenye mitambo ya upepo wakakana. Walisema volteji ya gridi ndiyo iliyopanda kupita kiasi, na mitambo ikajizima yenyewe ili isiharibike.

Sasa nani tumwamini? Seva ikianguka, sisi watu wa programu tunafungua logi na kubishana mpaka kieleweke. Gridi ni ngumu kuliko seva. Yetu inapiga mara 50 kwa sekunde, na kila megawati inayotumika lazima izalishwe papo hapo. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, kasi inaanza kushuka. Kinachoizuia isianguke mara moja ni uzito wa rota zinazozunguka Olkaria na kwenye mabwawa ya mto Tana. Zinaupa mfumo sekunde chache za kujiokoa. Paneli za sola hazina rota. Zinaingia kwenye gridi kupitia inveta, na inveta inafanya kile programu yake inachosema. Halafu kuna laini ya Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Laini ndefu hivyo ikibeba umeme kidogo, volteji yake yenyewe huelekea kupanda. Sisemi hicho ndicho kilichotokea usiku ule. Nasema ili ujue, unahitaji rekodi za zile sekunde, modeli ya gridi nzima, na mtu anayeweza kuisoma.

(Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma pale Gitaru, megawati 180 zikapotea na nchi ikazima. Tumbili akapona. Tulicheka sana, lakini ni watu wangapi waliuliza kwa nini kituo kimoja kilivuta vingine vyote?)

Hapo ndipo ndugu yangu aliponipata. Kazini anafunga inveta moja moja, na anafunga vizuri. Zikiwa maelfu kwenye gridi moja, iliyounganishwa na Ethiopia tangu 2022 na Tanzania tangu 2024, shahada ya kwanza haimfikishi huko. Wala kuongeza miaka kumi juu ya mapaa. Akienda kwa ajili ya swali hilo, na tasnifu yake ikawa juu ya hilo, nitamuunga mkono. Akienda kukusanya karatasi atatoka na karatasi, na Mama atabaki na nyumba isiyo na paa.

Nami nakiri nina wivu kidogo. Miaka yote hii naandika programu za kuagizia chakula, na kumbe kazi ngumu kuliko zote iko kwenye waya uliopita juu ya nyumba yetu.

Nimeahidi kulipa muhula wa kwanza ili akiba ya Mama isiguswe kwa sasa. Yeye amenisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, na hajasema neno.