Tusikatwe franka juu ya ABS, kamyo ipewe freni kwanza

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama munaobaki Baraka mukingoja simu ya kusema "tumefika", kuna maneno inayotembea sasa kwenye kariere za upande wa Misisi na Lulimba. Mwenye kamyo moja ya zamani, inayobeba watu na mizigo mpaka Baraka, anasema atafunga ABS kwenye gari yake, na kila mutu anayepanda atakatwa kidogo kila safari mpaka bei yake itimie. Wengine kati yetu wamefurahi. Sisi wa sendika tunasema hapana.

ABS yenyewe si uongo. Mercedes na Bosch waliiweka kwenye gari za kuuzwa tangu mwaka 1978. Shofa akikanyaga freni kwa nguvu kwenye lami yenye maji, magurudumu yanafunga, gari inateleza, na usukani haufanye kitu tena. ABS inasikia gurudumu linataka kufunga: inaachia, inabana, inaachia, mara nyingi kwa sekunde moja, na shofa anaweza bado kukwepa mutoto njiani. Ni kitu kizuri. Gari iliyotoka nayo kiwandani, tuitunze. Hapa kwetu tunafanya kinyume: taa ya ABS ikiwaka, fundi anachomoa waya, ao anatoa kitaa chenyewe ili kisisumbue, na anayenunua kesho hajui kitu.

Lakini kuifunga kwenye gari ambayo haikuzaliwa nayo, ile ni kazi ingine kabisa. Kila gurudumu linataka pete ya meno na kidude cha kusoma mwendo. Hapo katikati unatia pompe yenye vali zake, mabomba ya freni yanapangwa upya, na kompyuta inakuja na waya zake. Ile kompyuta ilifundishwa kiwandani uzito wa gari fulani, urefu wake, mipira yake. Ukiitoa kwenye gari iliyokufa na kuitia kwenye Dyna ya miaka 30, itahesabu vibaya, na inaweza kuachia freni wakati unaihitaji sana. Kwa kamyo kubwa za freni za hewa viwanda vinauza vifaa kamili, lakini vinataka fundi aliyefundishwa na mashine ya kupima. Garaje yetu iko chini ya muembe. Tunawaheshimu mafundi wetu, wanafufua magari ambayo Ulaya wameshayazika, lakini ile kazi haiko ya nyundo na ufunguo 14.

Na mutu akikuletea kidude kidogo cha kufunga kwenye bomba la freni akisema njo ABS, mufukuze. Marekani wenyewe walidanganywa hivyo. Miaka ya 1990 kampuni fulani ziliuza vidude vile kama ABS ya kuongeza kwenye gari za zamani. FTC, shirika la serikali linalolinda wanunuzi, likazishitaki, na mwaka 1998 likaamua kwamba matangazo yao yalikuwa ya uongo.

Sasa tuangalie njia yetu. Ni udongo, changarawe, na matope mvua ikinyesha. Kwenye changarawe gurudumu lililofunga linasukuma mawe mbele yake, na ule murundo unasaidia gari kusimama. ABS inazuia gurudumu kufunga, kwa hiyo pale gari inaweza kwenda mbali zaidi mbele ya kusimama. Usukani unabaki, ndiyo, lakini faida kubwa iko kwenye lami, na sisi lami tunaiona kwa picha wakati wa kampanye.

Kinachotuua kwenye muteremuko wa kutoka Fizi mpaka Baraka kinajulikana. Kamyo inabeba kupita uzito wake. Garinitire zimekwisha, chuma kinakula chuma. Mipira iko laini kama kichwa cha mutoto. Mafuta ya freni yako yale yale tangu gari inunuliwe, na yale mafuta yanakunywa maji ya hewa. DOT 3 mpya inachemka karibu na digrii 205. Ikisha kunywa maji, inaweza kuchemka kwenye 140. Shofa anashuka na guu kwenye freni badala ya vitesi ya chini, vyuma vinapata moto, mafuta yanachemka, pedali inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Pale hata ABS ya Mercedes haisaidie, juu ABS inapunguza nguvu ya freni iliyoko. Haiwezi kuleta ambayo haiko.

Tusimutupie shofa kila kitu. Analipwa kwa safari, na akikataa kupakia kupita kiasi, kesho usukani unapewa mwingine.

Na swali la nani analipa? Nauli tunalipa tayari. Freni iko ndani ya nauli, sawa vile mazutu iko ndani. Kwa wale wenye patro, Code du travail ya 2002 inaweka usalama wa kazini juu ya patro. Haukuwe mufuko wa kuchangishana.

Basi tunamuomba mwenye kamyo hivi: alete gari kwa fundi mbele ya wajumbe wetu, magurudumu yote yafunguliwe, tuone garinitire kwa macho yetu, mafuta ya zamani yamwagwe, mapya yaingie, mipira ya mbele ibadilishwe. Asubuhi ya safari, shofa akanyage pedali na kuishikilia wakati mutu anahesabu mpaka 30. Ikishuka polepole, hakuna anayepanda. Pale Fizi juu, gari isimame, vyuma vipoe, ndipo ianze kushuka. Akikubali hayo, tutapanda na nauli tutalipa kama kawaida. ABS yake tutaiongea siku ingine.