Oili Nyeusi Haina Kosa

Wanachuo wenzangu, basi letu likianza kugonga, dawa ni ile ile: "Fundi, tia oili nzito." Kelele inapungua, safari inaendelea. Hapo tumetibu masikio, injini bado inaumwa.

Kwenye galoni ya 15W-40, hiyo 40 ni kiwango cha uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Ukitia nzito kupita inayotakiwa, asubuhi inachelewa kufika juu, vyuma vinasuguana vikavu. Na weusi je? Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa masizi. Rangi peke yake haitoshi kuihukumu.

Ipimwe! Kichupa kimoja cha oili iliyotumika kinatoboa siri: chuma kikizidi, huenda silinda zinalika, shaba na risasi, tazama beringi, silikoni, mara nyingi ni vumbi linalopenya chujio la hewa.

Viongozi wetu, daini kipimo kila oili inapomwagwa, na majibu yabandikwe ubaoni. Tukilinganisha namba, tutajua zinapanda kabla basi halijatulaza njiani.