Tusiiite Chi "Nishati"

Mfasiri wa Kiswahili aandikaye kuhusu tiba ya Kichina hushawishika kuiita chi "nishati". Neno hilo halikutoka Uchina. Ni urithi wa Mfaransa George Soulié de Morant, aliyeitafsiri hivyo katika karne ya 20. Herufi ya jadi ya chi huonyesha mvuke na mchele. Ni dhana ya pumzi na mvuke, wala si umeme.

Kosa hili si dogo. Huangdi Neijing, kitabu cha kale chenye sehemu mbili za sura 81 kila moja, humwagiza tabibu wa sindano akijaze kilichopungua na akimwage kilichozidi. Hutenga pia ben, shina la ugonjwa, na biao, ncha ya tawi lake. Aghalabu hutibiwa shina. Lakini tumbo likifura au haja zikizuilika, ncha ndiyo itangulizwayo. Mgonjwa aliyeambiwa "nishati" atadhani anachajiwa kama betri, asiulize ni nini kilichozidi, wala kwa nini leo inatibiwa ncha.

Iwapo sindano huponya, hilo tuwaachie watafiti wa tiba. Neno ni jukumu letu: chi ibaki chi, ielezwe. Kwa ben na biao, shina na ncha yatosha.