Acheni kuwaambia wasubiri

Jamani, hili neno "subira" tuliweke chini kidogo. Najua kuna wazee watanuna. Wanune tu.

Kuna kina mama hapa kwetu, Ukunda, Bongwe mpaka Msambweni, ambao waume zao au watoto wao walichukuliwa na hawakurudi. Si ajali, si bahari. Walichukuliwa na watu, wakatiwa garini, basi. HAKI Africa walitoa ripoti Desemba 2016 yenye visa 81 vya mauaji na kupotezwa hapa Pwani tangu 2012. Na hivyo ni vile vilivyoandikwa tu.

Sasa mwanamke huyu tunamwambiaje? "Subiri dada, Mungu yupo." Mungu yupo, nani kabisha? Lakini anasubiri nini haswa?

Mumeo akifa, dini imekupangia. Unakaa eda miezi 4 na siku 10, majirani wanaleta chakula, kina mama wanalala nawe matangani. Eda ina mwanzo na ina mwisho. Huyu wa mume aliyepotezwa aanze kuhesabu lini? Hajafiwa, hajaachwa. Akivaa nguo mpya Idi, eti "amesahau haraka." Akilia, eti "unamlilia mtu hai, unamtakia kifo?" Akitaka kuolewa tena aende kwa Kadhi kuomba faskhi, na kabla hajafika, ukoo wa mume ushamgeukia. Ukija kwa sheria ya serikali ndiyo kabisa: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inataka miaka 7 bila habari ndipo mtu adhaniwe amekufa. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa mgongoni sasa yuko shule, anaulizwa na wenzake baba yako yuko wapi. Na bila cheti cha kifo, shamba la marehemu ambaye si marehemu utaligawaje?

Halafu ile aibu. Matanga ya aliyekufa kwa homa yanajaa mpaka nje. Nyumba ya aliyechukuliwa watu wanaizunguka, wasije wakaambiwa nao wamo. "Mke wa gaidi," tunanong'ona dukani, na hakuna hakimu aliyewahi kumhukumu mumewe. Kama alikuwa na kosa, Katiba kifungu cha 49 kinasema afikishwe kortini ndani ya saa 24. Korti si iko palepale Kwale mjini?

Na usiniambie serikali haiwezi kutafuta mtu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kivukoni Likoni, ndani mama na mwanawe. Wanamaji wakaletwa, wapiga mbizi wa kibinafsi wakaja, nchi nzima macho majini mpaka 11 Oktoba likatolewa, kina cha takriban mita 58. Ilistahili, tena ilichelewa. Sote tulielewa kwamba familia inahitaji mwili wa kuzika. Sasa ule uelewa ulibaki ng'ambo ya feri?

Halafu kuna zile warsha zetu. Kina mama wanaitwa hotelini Diani, soda, fulana, mtu katoka Nairobi anawafundisha kuvuta pumzi. Sipingi ushauri nasaha. Asiyelala usiku anauhitaji, na ungepatikana zahanati ya kijijini, bure, ningepiga makofi. Ila huwezi kumtibu mtu kiwewe cha jambo ambalo bado linamtendekea. Kila geti likigongwa moyo unaruka: ni yeye, au ni wale waliomchukua? Ndiyo maana naona wakikaa wenyewe kwa wenyewe, wakichangiana karo na kusindikizana kituoni kuulizia, wanapata nafuu ambayo hakuna warsha inayoitoa. Pale hakuna anayemuuliza mwenzake mbona bado analia.

Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kupinga kupotezwa watu mwaka 2007. Kusaini walisaini, kuuridhia ikawa hadithi ya kesho. 2027 wanasiasa watakuja Msambweni kucheza sengenya na sisi. Kabla ya kuwapigia vigelegele, waulizeni mkataba ule uko wapi.

Na maimamu wetu, kwa heshima zote: Ijumaa hii msiwaombee kina mama subira tu. Ombeni na jibu, na familia zikiridhia, yatajeni majina ya waliochukuliwa kwenye kipaza sauti.