Fundi bomba naye aulizwe cheti

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukitaka kufunga umeme unajua fundi anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Lakini ukivuta maji hadi bustanini au nyuma ya duka, unamwita yeyote mwenye msumeno na spana. Hapo ndipo fedha zetu zinapovujia.

Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, Nzega na Igunga, jambo hili linatuhusu zaidi. Uvujaji ulio baada ya dira unalipa wewe. Piga hesabu: kiungo kinachopoteza lita moja kwa dakika kinamwaga lita 1,440 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti 43, na mchicha haujapata hata tone.

Je, nani anamsimamia fundi? VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, kwa miaka mingi ilifundisha na papo hapo ikasajili vyuo vya ufundi stadi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, NACTE ikawa NACTVET, na usimamizi wa vyuo hivyo ukahamia huko. Naona ni sawa. Kinyozi hajinyoi.

Ila mabadiliko hayo yanagusa vyuo. Fundi wetu wengi hapa Ng'ambo hawakupita chuoni. Walijifunza kwa kumshikia kaka spana. Wapo hodari sana, na wapo wanaobahatisha. Wewe mteja utawatofautishaje?

Njia ipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Maoni yangu ni kwamba vyombo vya watoa huduma ya maji vijijini, vilivyo chini ya RUWASA, viweke sharti la cheti kwa kila anayegusa bomba la jamii. Lakini visiwafukuze mafundi kesho asubuhi. Tukifanya hivyo, watabaki wachache na bei itapanda. Wapewe muda, na mkutano wa watumia maji ujadili kuwachangia ada. Fundi mmoja mwenye cheti kijijini ni nafuu kuliko kuchimba mtaro uleule mara tatu.

Wakati tukisubiri, fanya haya:

1. Muulize fundi cheti, na mwombe akuonyeshe kazi aliyoifanya mwaka jana.
2. Andikianeni bei, vifaa na muda atakaorudi kurekebisha bure.
3. Usikubali mtaro ufukiwe kabla maji hayajafunguliwa na kila kiungo kukaguliwa.
4. Funga koki zote usiku, soma dira, isome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna uvujaji.

Nawe muuza vifaa, mteja akikuuliza fundi, usimtajie rafiki yako. Mtajie anayejua kazi. Bomba likipasuka, jina la duka lako nalo linatajwa.