Mazungumzo ya Nyumbani: Anayetangulia kwenye kamba

Mama mmoja wa hapa kwetu alituletea shida yake. Mwana wake anakaa Sheffield, kule Uingereza. Alimwambia kwa telefone: «Mama, sasa banaanza kunifundisha kupanda mbele.» Anasema habari ya kupanda majabali kwa kamba. Mama akatuuliza: «Ile iko mchezo ao iko kujiua? Na nani anashika kamba kule juu?»

Mama, jibu halitakufurahisha: kule juu hakuna mtu. Anayetangulia anajifunga kamba kiunoni, mwenzake anabaki chini akiishika kwa chombo chenye breki. Njiani yule wa mbele anakaza vipande vya chuma ndani ya nyufa za jiwe, na kamba anaipitisha katika pete iliyofungwa pale. Akianguka, kipande cha mwisho ndicho kinamshika. Kama kimekazwa vizuri.

Karibu na Sheffield kuko mwamba wa Stanage, unaendelea karibu kilometa 6, lakini kwenda juu hauzidi sana metre 20. Wapandaji wa pale wanakataa kutoboa jiwe na kuacha misumari. Yote iliyowekwa, wa nyuma anaitoa. Zamani wapandaji wa Uingereza walikaza mawe madogo ndani ya ufa. Halafu, miaka ya 1950, ekru za mashine. Ndiyo, Baba Mekanisien, ekru ile ile unayoijua! Waliondoa nyuzi zake za ndani ili zisikate kamba. Mwaka 1961 fundi wa chuma John Brailsford akatengeneza kipande cha kwanza kilichofanywa hasa kwa kazi hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Kipande kiko metre 2 kutoka udongo, na mwana wako amefika metre 5. Akianguka, atashuka metre 3 mpaka kwenye kipande, na 3 tena chini yake, na zaidi, maana kamba inavutika. Lakini chini ya kipande kuko metre 2 tu. Basi ni udongo unaompokea. Kwa hiyo pale mwanzoni vipande viwekwe mapema na karibu karibu, hata kama anaona njia ni nyepesi.

Mama, usimuulize kama ana nguvu. Muulize amefuata nyuma mara ngapi. Anayefuata ndiye anatoa vipande vya mwenzake: kile kinachotoka kwa kidole kimoja, anajua huenda kisingeshika mtu, kile kinachomtoa jasho, anajifunza namna kilivyowekwa. Kisha anajizoeza kuviweka akiwa chini, anafunga kitanzi na kusimama juu yake na uzito wake wote. Kisha anapanda mbele huku kamba ya pili ikimshika kutoka juu. Na siku ya kweli, njia iwe ile anayoweza kuipanda akiongea.

Mababa wa mgodi watafahamu hii moja upesi: kabla ya kuweka kipande, anagonga jiwe kwa mkono na kusikiliza. Likilia kama ngoma, analiacha, hata ufa wake ukiwa mzuri namna gani. Ninyi mnagonga dari la mwamba kwa chuma kirefu, lakini masikio ni yale yale.

Inabaki haya, ugonjwa wa vijana wa pahali pote. Kurudi chini kutoka katikati ya njia, wenzake wakitazama, ni kazi ngumu kuliko kupanda. Mwalimu asiyemfundisha kurudi, mimi singemwachia mtoto wangu.

Mama yule alirudi kwetu juma lililopita. Mwana amejibu: amefuata nyuma mara 30, na hajatangulia bado. «Na nani anashika kamba yako pale chini?» Hapo kijana alinyamaza kidogo, akasema ni rafiki mpya, wamejuana mwezi huu. Mama amemwambia angoje kwanza.